Malkia wa Plaiwudi

Biashara huria iliporuhusiwa na kila mwenye jenereta hapa Bariadi akawa na banda la video, mabango yote nilichora mimi. Nasema yote, na kama nimezidisha nimezidisha kidogo. Kanda zilifika bila makasha, na filamu zenyewe sikuwa nimeziona. Mwenye banda aliniambia tu hii ya Kichina ina malkia na upanga, nami nikatafute sura mtaani. Plaiwudi ilikuwa moja. Kila filamu mpya nilipaka juu ya ile ya zamani, hadi ubao ukawa wa kuvutwa na ng'ombe wawili.

Malkia nilimchora mama. Picha ya kamera aliikataa maisha yake yote, akidai inampunguza mtu. Kuchorwa akaona hakuna neno, akakaa kwenye kigoda akimenya karanga, nami nikamvika taji ambalo Uchina nzima isingeweza kulinunua. Wakulima wa Kasoli, wametoka kuuza pamba, walijaa bandani hadi kuta zikavimba. Filamu ikaisha, wakagoma kutoka. Mzee mmoja akamkabili mwenye banda: "Yule mayu, yule mama wa kwenye bango pale nje, mbona hajatokea? Sisi tumemlipia yeye."

Kesho yake nikaamriwa nimfunike kwa rangi. Mama alicheka hadi karanga zikamwagika.

Baadaye mabango ya kuchapwa yakaanza kuletwa kutoka Dar, kazi ikaniishia, nikaurudisha ubao nyumbani. Mama akafariki masika. Asubuhi ya maziko mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, akaniuliza picha ya kuweka mbele ya jeneza iko wapi. Hatukuwa nayo hata moja.

Nikaenda kwenye ule ubao nyuma ya nyumba na wembe, kitambaa na mafuta ya taa. Nikakwangua wanajeshi, nikakwangua joka, nikakwangua gari linalowaka. Taji likatokea, linang'aa kama jana. Uso ukabanduka wote na kitambaa. Pakabaki doa la kahawia na masikio mawili.

Mama mdogo akaja, akautazama ubao.

"Ni yeye," akasema. "Masikio ni yake kabisa."

Siku ile ya karanga mama hakuvua kilemba, masikio yake hayakuonekana. Malkia lazima awe na hereni, kwa hiyo masikio niliyachora nikijitazama kwenye kioo. Sikumwambia mama mdogo. Tukausimamisha ubao mbele ya jeneza, na watu wakapita mmoja mmoja, wakiinamia pale katikati pasipo na mtu.