Lenzi Iliyofukizwa Udi

Mke wangu aliiharibu lenzi yangu kwa mapenzi. Nnaliandika hili mwanzo kabisa ili mtu asije akadhani nnamsema marehemu. Aliifukiza udi kila Alkhamisi jioni, humo humo kabatini, pamoja na kanzu zangu na mashuka ya wageni ambao hawakuwa wakija. Kosa, kama lipo, ni la mdomo wangu: mimi ndiye niliyemwambia kwamba lenzi za zamani, hapa Unguja, huota kuvu ndani ya kioo kwa unyevu wa pwani.

"Kuvu?" akasema. "Ungeniambia mapema. Dawa yake mie nnayo."

Hatukujaaliwa watoto. Kwa hiyo alipofariki, uso wake ulibaki mahala pamoja tu, ndani ya kadi ya kamera ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ninayoyaandika hapa ni namna nilivyoujadilia bei uso huo, na namna biashara ilivyonitupa mkono.

Kazi yangu ni udalali wa vitu vilivyokwisha tumika: saa, feni, redio, na kamera za wageni waliomaliza fedha kabla ya kumaliza likizo. Lenzi yenyewe niliinunua kwa mzee mmoja wa Michenzani. Aliniapia kuwa iliachwa na Wajerumani waliokuja kujenga yale majumba ya ghorofa.

"Waliiacha kwa sababu haifai," nikamwambia.

"Na majumba nayo hayafai? Mbona watu wamo?"

Hapo nikajua nimekutana na mwenzangu, nikampa zaidi ya nilivyokusudia. Pete ya kuifungia kwenye kamera ya dijitali ndiyo iliyonitia adabu, maana ilinigharimu kuliko lenzi. Mahari yakazidiwa na karamu.

Lakini nilipoifunga na kuchungulia, nilisahau bei. Lenzi hizi hazina umeme ndani yake. Hazijui kujitafutia shabaha zenyewe. Unaizungusha pete ya lenzi yenyewe kwa vidole, taratibu, na kila kitu kimeyeyuka kama sukari ndani ya chai, halafu ukope mmoja unakuja. Unakuja wenyewe, umesimama, na nyuma yake dunia yote imelainika. Ukizungusha kidogo zaidi, umekwenda zake. Mtu aliyezoea simu hawezi kukuelewa. Simu inakupa kila kitu kwa mara moja, kama muuzaji anayetaka kufunga duka.

Mke wangu simu hakuitaka. "Picha ya simu ina miguu," alikuwa akisema. Alikuwa ameshaona picha za harusi za wanawake wenziwe zikitembea kutoka kundi hili mpaka lile, mpaka zikafika kwa wanaume wasiojua hata jina la bibi harusi. Lakini lenzi yangu aliikubali. Kamera haikuwa na laini, haikuwa na makundi. Basi darini kwetu, chumba cha juu, baada ya alasiri, alikaa mbele yangu kichwa wazi, akimenya vitunguu thomu au akichana nywele, na mimi nikizungusha pete.

"Ushanipata?"

"Bado."

"We bwana, mie nimekaa hapa toka thomu ina maganda."

"Usitikisike."

"Mtu hai hutikisika."

Siku nilizompata, nilimpata barabara. Zilikuwako picha ambazo ungeweza kuhesabu nyusi zake unywele mmoja mmoja. Sikumwonesha mtu. Nilikuwa tajiri kimyakimya, jambo geni kwa dalali.

Halafu picha zikaanza kupauka. Mwanga wa dirishani ulimwagika juu ya uso wake kama maziwa ndani ya maji. Nikafikiri ni macho yangu, nikafikiri ni kamera. Mwisho nikamulika lenzi kwa tochi, na ndani yake, pale kitambaa kisipofika, nikaona utando wa mafuta. Nikainusa. Udi, tena udi mzuri, ule wa kuwekewa sikukuu.

Sikumwambia. Wiki ile ile tulirudi kutoka hospitali na majibu yake, na mtu aliyepewa majibu yale huendi kumwambia kuwa udi wake umeharibu lenzi. Kwa fundi wa saa nilikwenda kuuliza. Alisema anaweza kuifungua na kuisafisha, tukapatana, ila aitaka siku kadhaa. Sikumpelekea. Ingekosekana nyumbani, mke wangu angeuliza iko wapi. Basi nikaendelea kumpiga picha na lenzi yenye moshi, yeye akikonda na moshi ukizidi, na kila Alkhamisi chetezo cha udi kikipita mbele ya kabati.

Siku moja, akiwa kitandani, aliniambia, "Nikitangulia, picha zangu zifute."

"Zote?"

"Zote."

"Nusu."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamletea maji. Hakunijibu, wala sikumrejeshea swali, na tangu siku ile nnajiuliza kama kicheko ni kukubali. Katika kazi yangu mtu akicheka, bei imeshuka. Kwa maradhi sijui.

Arobaini ilipokwisha, shemeji yangu, dada yake mkubwa, akaja kutoka Mkokotoni. Alikaa ukumbini, akanywa chai yake yote, akauweka mkoba wake sakafuni. Nikajua kuna shughuli.

"Shemeji, marehemu aliniachia neno."

"Na mimi aliniachia."

"Basi neno ni moja. Kwa nini picha zingalimo?"

"Mimi nilimwambia nusu, akacheka."

"Akacheka! Wewe ungeweza kumjadili hata Izraili." Kisha akalegeza sauti. "Sitara ya mtu haifi pamoja naye. Nywele zake zimo humo."

"Mie mumewe."

"Ulikuwa. Haya, tuseme wewe hapana neno. Nawe utakufa, baba. Kamera itauzwa. Itanunuliwa na nani?"

Pale alinikamata pabaya. Maana mimi nnajua itanunuliwa na nani. Kamera ngapi zimepita mikononi mwangu na kadi zake ndani? Wake za watu wakicheka ufukweni, watoto wa watu bafuni. Tumeziangalia barazani, mimi na wenzangu, tumesema tuliyoyasema, halafu tumezifuta na kupandisha bei. Nikatafuta la kujadili, kama ilivyo ada yangu.

"Zenye nywele zitoke. Za uso zibaki."

"Zina nywele zote, shemeji. Alikuwa nyumbani kwake."

"Basi tuziangalie moja moja."

Akavaa miwani, akakaa mwisho wa kochi, kamera tukiiweka kati yetu juu ya mto. Picha ya mwanzo, ya lenzi ilipokuwa safi. Aliitazama muda mrefu. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Huyu ndiye," akasema. "Toa."

Nikafuta. Ya pili, ya tatu. Kila ile iliyompata kweli, alisema "ndiye," na kila akisema "ndiye" mimi nilibonyeza. Nilijaribu kuokoa moja, ile ya thomu, ambayo ukope wake umekuja kuliko zote nilizowahi kupiga kwa mtu yeyote. Nikasema ichelewe, tutairudia mwisho. Nikasema mkono umefunika nywele. "Shemeji," akasema, bila ukali, "usinifanyie duka." Nikabonyeza.

Tukafika kwenye zile za moshi. Akaisogeza kamera karibu, akaitenga mbali.

"Hii nani?"

"Yeye."

"Sioni kitu mie. Hii bakisha."

Na inayofuata, bakisha. Na inayofuata. Hivyo nikashinda. Nilidai nusu na nikapata zaidi ya nusu. Nilizihesabu alipokwenda kusali, nikazirudia, hesabu ikawa ile ile. Hatukupeana mikono, maana si maharimu wangu, ila alisema, "Tumeshuhudiana mbele ya Mungu," na mimi nikaitikia. Darajani wako vijana wanaorudisha picha zilizofutwa, kwa bei ya soda na maneno matamu. Nimepita mbele ya meza zao. Sikusimama.

Lenzi nnayo bado. Haina mteja, na mimi sijaitangaza.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimelala, mchana, nikashikwa na swali. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho, la kuangukia kizingiti utotoni. Jicho lipi? Nikaangalia kitambulisho chake. Wamempiga picha kama walivyotupiga sote, kama tumekamatwa, na mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikampigia shemeji, nikajifanya nnaulizia dagaa.

"Dagaa wapo. Sema unalolitaka."

"Lile kovu lake. Lilikuwa upande gani?"

"La kushoto," akasema papo hapo. Kisha akajirudi. "La. Kulia. Ngoja kwanza, nikikaa naye hivi... Mama!"

Nikasikia miguu, na mlango, na swali likiulizwa mara ya pili kwa sauti kubwa, kwa sababu mama yao hasikii vizuri. Halafu nikamsikia bibi mwenyewe, kwa yakini kabisa, kama mtu aliyetukanwa:

"Kovu gani? Mwanangu hakuwa na kovu."

"Umesikia?" shemeji akaniuliza.

"Naam."

Nikaiwasha kamera. Nikazichukua zile zilizoruhusiwa, moja moja, nikazikuza mpaka uso ukawa miraba ya kijivu. Katika moja nikaona alama kushoto. Nikairudia tena, na safari hii ilikuwa moshi tu.