Mama Asiye na Kaburi

Mama alifariki mwezi wa Oktoba, wakati Dodoma nzima ina rangi ya vumbi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Tulimchoma kwa kuni, kama ilivyo desturi yetu sisi Masingasinga, na hadi leo sijui nimjibu nini mtu anayeniuliza mama yako mlimzika wapi.

Watu waliuliza sana. Majirani zetu wa Kizota walikuwa Wagogo, Warangi, na makarani wa serikali waliohamishiwa huku bila kupenda, na wote, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa na makaburi yao. Rafiki yangu wa darasani alikwenda kila Pasaka kung'oa majani kwenye kaburi la bibi yake, akirudi amechangamka kama aliyetoka kumsalimia. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Mimi nilikuwa na chungu kilichofungwa kitambaa cheupe, juu ya rafu katika karakana ya baba, jirani na makopo ya rangi.

Chungu kilikuwa kinasubiri maji. Kwetu majivu humwagwa kwenye maji yanayotembea, basi. Baada ya hapo hakuna jiwe, hakuna jina, hakuna pa kwenda. Sasa tafuta maji yanayotembea Dodoma mwezi wa Oktoba! Mto uliopita nyuma ya Kizota ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanalala katikati yake. Baba mdogo alipiga simu kutoka Dar es Salaam akasema leteni huku, bahari iko mlangoni. Shangazi akataka apelekwe Punjab, kwenye mto wa wazee wetu. Baba aliwajibu wote kwamba mama atasubiri mvua.

"Mungu ni mmoja," aliniambia, "na hakuumba dunia halafu akaenda kukaa pembeni. Yumo humu humu. Yumo kwenye mto wa Punjab na yumo kwenye mchanga huu. Mama yako amepika hapa, amezaa hapa. Nimpeleke wapi ambako Yeye yupo zaidi?"

Mmoja ndilo neno la kwanza la sala yetu, nalijua tangu sijajua kusoma. Mama alinifundisha akikanda unga wa chapati: aliyemo kwenye unga ndiye aliyemo mikononi, na ndiye aliyemo kwenye tumbo lenye njaa. Alipokuwa hai maneno hayo yalikuwa matamu. Alipokufa yaliniudhi. Nilimwambia baba, "Kama mama yuko kila mahali, basi kwangu mimi hayuko popote. Nataka mahali pamoja tu." Hakunikemea. Aliendelea kupiga tupa kwenye plau ambayo hakuna mtu aliyeiagiza.

Plau zake zilikuwa zimekosa wanunuzi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara, maduka yamejaa vitu vya nje, vyepesi na rahisi, na jamaa zetu walikuwa wakifunga milango mmoja mmoja kwenda Uingereza na Kanada. Hekalu letu lilibaki na kufuli. Siku ya kumwombea mama, walioketi kwenye mikeka yetu kula dengu na chapati walikuwa zaidi ni majirani, mkubwa na mdogo sakafuni, maana kwetu hakuna anayekalia kiti mwenzake akiwa chini. Na sisi pia tulikuwa tunaondoka. Baba alikuwa amekubali kumfuata kaka yangu Kanada. Hicho ndicho kilichoniliza zaidi ya yote: sisi tungekwenda, na mama angebaki bila hata kokoto ya kuonyesha kwamba aliishi hapa.

Mvua ilikuja Desemba. Haikunyesha kwetu, ilinyesha huko juu vilimani, na asubuhi moja mto ukateremka, rangi ya chai ya maziwa, ukibeba matawi na ndala za watu. Baba alivaa kilemba safi tukaenda. Alitusindikiza rafiki wa mama, mama wa Kigogo mwenye shamba la mtama ukingoni. Baba alisali, akainamisha chungu. Nilikaza macho, wala sikuona kitu. Majivu yalipotea kabla sijatamka hata neno. Kesho yake mto ulikuwa mchanga tena.

Siku chache baadaye nilirudi peke yangu nikakuta miiba. Mtu alikuwa amekata matawi akazungushia pale tulipomwaga majivu, kama wanavyozungushia kaburi jipya fisi wasifukue. Wanawake waliozoea kuchimba visima pale mchangani walikuwa wamehamia mbali, kwenye maji machache na yenye chumvi. Yule rafiki wa mama aliniona, akaja na ndoo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni sisi tumemzungushia. Tutachotaje maji juu ya mwenzetu? Na wewe ukimkumbuka, uwe na pa kuja."

Nilikaa kando ya ile miiba nikalia hadi kichwa kikauma. Nilimweleza mama habari za Kanada, na jinsi baba anavyounguza dengu. Nilikuwa na kaburi.

Nilimsimulia baba nikidhani atafurahi. Alinyanyuka akatoka, nami nikamfuata hadi mtoni nikimwomba, "Baba, tafadhali, waache." Aliwasalimia wale wanawake, kisha akaanza kuvuta matawi, mikono inatoka damu. Alipiga magoti akachimba. Maji yalipojitokeza aliyangoja yatulie, akajaza kata, akampa rafiki wa mama.

"Dada yangu," alisema, "huyu hakumnyima mtu kitu alipokuwa hai. Msimfanye awanyime maji leo."

Mama yule alinitazama mimi kwanza, halafu akanywa. Ndoo zikaanza kusogea. Kisha baba akanipa mimi. Nilikunywa huku namchukia. Yalikuwa maji baridi, yenye mchanga kidogo, maji tu kama mengine, na hilo liliniuma kuliko miiba kuondolewa.

Ikabaki zamu yake. Alipeleka kata mdomoni, akaishusha. Akapeleka tena. Akaanza kumwita mama kwa jina la nyumbani, lile ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya watu. Kunywa hakuweza. Aliinama juu ya kisima akayarudisha yale maji, taratibu sana, akichunga lisidondoke hata tone.