Filamu Ambayo Baba Hakuitafsiri

Kwa miaka mingi baba yangu alitafsiri filamu kwenye kibanda cha video hapa Makole, Dodoma, mpaka kilipofungwa. Alishika maikrofoni, akazungumza juu ya sauti za Wachina na Wamarekani, na pale asipoelewa, alitunga. Watu walimpenda zaidi alipotunga. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, tena kwa sauti kuliko wote, na baba husema ndiyo sababu alimwoa.

Kisha mama akaugua, masikio yakaziba moja kwa moja. Akaacha kukaa nasi sebuleni. Runinga ikiwashwa, anakwenda jikoni kuchambua mchele aliokwisha kuuchambua asubuhi. Wengine nyumbani wakazoea. Baba hakuzoea. Kochi likawa kubwa mno kwake, na filamu akawa anaziangalia tu, hata utani hana.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, nikaleta filamu ya kutisha ya zamani sana, ya enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti. Wataalamu wameisafisha, wameondoa mikwaruzo, ili watu waitazame majumbani.

"Humo hakuna anayesikika," nilimwambia baba. "Sote tutakuwa sawa na mama."

Alikwenda jikoni, akamshika mama mkono, akamleta kwenye kochi.

Kwenye filamu, mwanamke yumo ndani ya treni, amekabidhiwa sanduku na mtu asiyemjua. Abiria mmoja anataka kumuua ili alichukue, ila hatujui ni yupi kati ya mwenye kofia, daktari na wengine; sisi tunamnyooshea kidole mwenye kofia. Maandishi ya Kiingereza yakatokea. Basi baba, mazoea yana taabu, akafungua mdomo: "Dada, hizo ni zabibu za Dodoma, usimwonjeshe mtu!"

Tukaangua kicheko. Mama akatutazama mmoja mmoja. Kwenye runinga yule mwanamke alikuwa analia. Mama akajua amepitwa tena, akajifunga kanga yake, akainuka.

Baba akamwahi mlangoni. Akajigusa kifua, kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama akamtazama kwa muda, akarudi kukaa. Baba akaketi kando yake, mdomo bado ameuziba, mtu mzima na mvi zake.

Nje upepo wa vumbi ulikuwa unatikisa bati. Mama alisogea mbele kidogo kidogo, mpaka akawa amekalia ukingo wa kochi. Halafu akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia anachosema:

"Si huyo mwenye kofia, mnahangaika bure. Ni yule daktari. Wote wanaliangalia sanduku, yeye tu anajizuia."

Baba akamgeukia, macho yamejaa machozi. Sijamwona akifurahi vile tangu kibanda kifungwe. Akaondoa viganja mdomoni, akavigeuza juu kuuliza: umejuaje?

Mama akampiga kidogo gotini. "Tulia, mzee. Tazama kwanza, nitakueleza."

Na baba akatulia, akasubiri kuelezwa.