Matanga ya Doming
Katika mtaa wao kule Malabon, mtu akifa, jeneza halijafika watu walishauliza, "Mama Felisa keshaambiwa?" Matanga bila Felisa Manalastas yalikosa mwenyewe. Ndiye aliyepika uji wa mchele na tangawizi wa wakeshaji, ndiye aliyepanga meza za karata, na ndiye aliyewakaripia wasiojua mila. Mfiwa hasindikizi mgeni mlangoni. Hakuna kuoga wala kuchana nywele kwenye nyumba yenye maiti. Kaoge kwa jirani. Na ufagio usiguswe mpaka maiti atoke, usije ukawafagia na walio hai. Watu walimcheka chinichini, lakini walimtii.

Mumewe, Doming, dereva wa bajaji, hakuacha kumtania. "Siku nikifa mke wangu atafurahi. Atapata matanga yake mwenyewe."

"Kufa basi tuone," Felisa alimjibu. "Nitakulaza sebuleni siku tisa, mpaka uchoke."

Hakulazwa hata saa moja. Mwezi wa nne, mwaka ule wa korona, alikohoa siku tano, gari la wagonjwa likamchukua. Wiki iliyofuata walikuja wanaume wawili waliojifunika plastiki kuanzia utosini, wakaweka chungu cha majivu juu ya kiti nje ya mlango, wakarudi nyuma hatua tatu na kusema poleni. Amri ilikuwa mwili uchomwe ndani ya saa kumi na mbili, hakuna kukesha, hakuna kukusanyika. Ugonjwa ulikuwa unaua kweli, hakuna anayebisha. Lakini aliyeandika amri ile alisahau kwamba maiti ana wenyewe.

Felisa hakushika ufagio tena. Binti yake Rowena, waliyebaki naye wawili tu, alidhani ni uchovu wa msiba. Kufika mwezi wa sita mchanga ulikuwa ukisagika chini ya kandambili, na mama yake ananuka. Ndani hakutaka kuoga, kwa mila. Kwa jirani hakuweza kwenda, kwa sheria, maana wazee wote walikatazwa kutoka nje. Nywele zake zikashikana kama sufi.

"Mama, nifagie hapa chini ya meza tu."

"Maiti katoka?"

"Baba ni majivu, Mama. Yako kabatini."

"Nakuuliza, katoka? Tumemkesha lini? Nani kaja kunywa uji wake? Una haraka gani ya kumfukuza baba yako?"

Rowena alipiga ile namba ya serikali ya watu wenye msongo wa mawazo. Siku ya nne akapokewa na kijana mwenye sauti ya upole, akashauriwa mama afanye mazoezi ya kupumua.

"Anapumua vizuri tu," Rowena akasema. "Hafagii."

Alipokata simu alilia kwa hasira. Aliona dawa ni moja tu: matanga yafanyike, yaanuliwe, mama yake arudi kuwa mtu. Akamganda mwenyekiti wa mtaa miezi minne, mpaka mwezi wa kumi na moja kikatoka kibali: sala ya saa moja, kanisani, watu kumi.

"Watu kumi!" Felisa akasema. "Hao hata karata hawatoshi." Lakini alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, akaanza kumenya tangawizi. "Tukirudi nitafagia, mwanangu. Nitaoga."

Kwenye geti la kanisa mwenyekiti alikuwa na orodha mkononi. Alipomwona Felisa, uso ukamshuka.

"Dada Rowena, kibali hakikugusa sheria ya wazee. Mama ana sitini na saba. Nikimpitisha, kazi sina."

"Huyu ndiye mjane!"

"Najua. Mama yangu alipokufa, huyu ndiye aliyetupikia. Unadhani napenda?"

Felisa hakugomba. Alimpa binti yake sufuria ya uji, akakipapasa mara moja kile chungu cha majivu alichokipakata Rowena. "Ingia, padri ana saa moja tu," akasema. "Na usimsindikize mtu mlangoni." Kisha akarudishwa nyumbani.

Rowena alisali, akagawa uji, akamwacha baba yake kwenye ukuta wa kanisa wenye vishimo vya kuwekea majivu ya wafu. Akarudi mbio, akiogopa atakachokikuta.

Alikuta sakafu inang'aa. Mama yake ameoga, nywele zimechanwa na kufungwa nyuma, meza imeandaliwa. Rowena alishindwa kujizuia, akamkumbatia huku machozi yanamtoka.

"Umefagia, Mama! Ahsante Mungu, umefagia!"

"Sasa niache uchafu huu baba yako aukute?" Felisa akamfuta machozi kwa kiganja, akasukuma sahani ya tatu ikae sawa. "Bajaji yake inachelewa leo. Haya niambie, huko kanisani mlikuwa mnamsalia nani?"