Mguu wa Tano wa Chipu

Kwa miaka kumi na tisa Mbeyu alitengeneza redio na televisheni za watu wa Takaungu. Siku ile aliletewa kitu kingine.

Mashine iliyokuwa mezani ilikuwa ya jirani yake, Bi Afiya, ambaye mapafu yake hayakuweza tena kazi bila kusaidiwa. Ndiyo iliyompa oksijeni. Asubuhi ilizimika ghafla, na mumewe, Mzee Abdillahi, akaileta mbio kwa mkokoteni. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa, lakini lilikuwa mbali. Nyumbani ulibaki mtungi mmoja wa akiba, nao usingevuka alasiri.

Ugonjwa wa mashine Mbeyu aliuona mapema. Chipu inayoshusha umeme kutoka volti ishirini na nne hadi tano ilikuwa imeungua. Aliitoa, akalehemu nyingine kwa mkono, ndogo kama punje ya mchele, yenye miguu minane. Kwa tahadhari, alikata kwanza njia ya umeme kwenda kwenye ubongo wa mashine, akafunga balbu ndogo mahali pake. Kisha akawasha na kupima.

Mita ilisoma volti ishirini na tatu, badala ya tano.

Alizima upesi, mgongo umelowa jasho. Lau angeacha njia ile wazi, ubongo ungekwisha papo hapo, na mwingine asingeupata pwani nzima.

Mzee Abdillahi, baada ya kupigiwa simu kutoka nyumbani, alimweleza kwa sauti ndogo kwamba mtungi umeingia kwenye alama nyekundu. Mbeyu hakuthubutu kumtazama. Alijilazimisha kufikiri. Chipu ikipitisha umeme wote namna ile, maana yake haijui inatoa kiasi gani, na mguu wa kuiletea habari hiyo ni wa tano. Kwa lenzi, miguu yote ilimeta sawasawa. Akaugusa wa tano kwa ncha ya sindano. Ukacheza. Lehemu ilikuwa imeshika bodi, haikushika mguu.

Aliulehemu upya, akapima: tano kamili. Alisubiri, akapima tena, bado tano. Ikabaki kuuunganisha ubongo tena, na hapo akasita.

"Mzee," alisema, "nikiunganisha ikakataa, sina tena la kufanya."

"Unganisha, mwanangu."

Akaunganisha. Kwa kitambo hapakusikika kitu. Kisha mashine ikalia mara moja, na feni ikaanza kuzunguka.

Waliifikisha nyumbani na kumuunganisha huku midomo ya Bi Afiya imeshageuka rangi. Mbeyu aliketi sakafuni kando ya kitanda, sikio kwenye mashine, kila mkwaruzo ukimrusha roho, hadi gari lilipofika. Aliwasihi wahudumu wampeleke hospitali hata hivyo. "Nimeitengeneza, lakini siiamini," alisema.

Aliporudi kwake hakuweza kula. Simu ilipolia aliiacha iite mara tatu ndipo akaishika. Alikuwa Mzee Abdillahi: wamepokelewa, mgonjwa anapumua vizuri, ameomba chai. Mbeyu aliitikia, akakaa chini palepale mlangoni.