Kitanda Nilichokiweka Juu ya Mama Mkwe

Mwanangu, siku ambayo mama mkwe wangu alikanyaga ngazi ya trela kwa mguu mmoja, akachungulia ndani, kisha akaurudisha mguu chini, naikumbuka vizuri kuliko chakula cha jana. Leo nacheka. Siku ile sikucheka hata kidogo.

Nyinyi siku hizi mnaangalia kwenye simu zenu nyumba za magurudumu, zenye jiko na pazia za maua, na mnadhani ni uvumbuzi wa juzi. Sisi tulitengeneza ya kwetu hapa Kericho, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha majani chai, na hatukuwa na video ya kutuonyesha. Nilikuwa fundi mitambo pale kiwandani, kijana mwenye mikono myepesi na masikio mazito. Mikono ilinipa sifa. Masikio nusura yanitie aibu ya maisha, na ndiyo ninayotaka kukueleza.

Mama mkwe wangu, Mama Salome, alikuwa akiishi kijijini, kule tulikotoka upande wa ziwa. Mdogo wake, Dorka, aliolewa mbali, huko Meru, na hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Kisha ikaja habari kwamba Dorka anapoteza macho. Moja lilikuwa limekwisha, na la pili daktari alisema halitamaliza mwaka. Mama Salome akampigia simu mke wangu, Akinyi, akamwambia, "Mimi nataka aone uso yangu. Sauti atasikia hata baadaye."

Lakini angefikaje? Mgongo wake ulikuwa mbovu. Hakuweza kukaa kwenye kiti cha basi safari nzima. Ilibidi ajinyooshe kila baada ya muda, tena kwa utulivu. Na hoteli hakutaka hata kuisikia. Alisema hawezi kulalia shuka la watu asiowajua.

Basi nikawaza trela. Jirani yetu, Arap Koech, alikuwa na trela kuukuu ya kubebea majani chai, imeota kutu nyuma ya zizi lake. Nikamchomelea geti lake na mlango wa zizi, naye akaniachia trela. Nikaikwangua kutu, nikabadilisha springi na magurudumu, nikaizungushia plaiwudi, nikaiezeka kwa bati na kuziba kila tundu, maana mvua ya Kericho haipigi hodi. Kila Jumapili baada ya kanisa ungenikuta huko na nyundo. Majirani walikuja kutazama, wengine kusaidia, wengi kunitania.

"Baba Otieno, sasa unahama na nyumba kama konokono?" Koech aliniuliza.

"Konokono hajawahi kufukuzwa na mwenye nyumba," nikamjibu, na tukacheka mpaka mbwa wake akabweka.

Akinyi aliniuliza mara kadhaa kama hatungempigia mama yake simu tumweleze trela ilivyo ndani. Nikakataa. Nilitaka iwe zawadi ya kumshangaza. Nikamwambia mgonjwa haulizwi uji. Unajua kijana akishapata methali ya kumuunga mkono, hata malaika hamrudishi nyuma.

Siku ya safari Mama Salome akafika na kikapu, na kuku wa kukaanga aliyeandaliwa tangu alfajiri. Majirani walijaa uani. Akaizunguka trela polepole, akapapasa mbao, akasema kazi ni safi. Kifua changu kikafura. Ndipo akapanda ngazi kwa ule mguu mmoja, akaona kitanda cha chini, na juu yake kitanda kingine.

Hakuniuliza mimi. Kwetu mama mkwe hamsemeshi mkwe wake ovyo, kwa hiyo aliongea na binti yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Koech.

"Akinyi, uliza bwana yako hii kitanda ya juu ni ya nani."

"Ni yetu, Mama. Mimi na Baba Otieno."

"Juu yangu?"

Mwanamke mmoja pale uani akacheka, na wote wakafuata. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Ni heshima iliyokuwepo kabla ya bibi zetu. Nami niliijua tangu utotoni, lakini nilikuwa nimejiambia kwamba hii si nyumba, hii ni trela.

"Mama, iko na pazia," nikasema.

"Akinyi, mwambie pazia haifungi masikio."

Mguu ukarudi chini. Akaketi kwenye jiwe na kikapu chake, akasema atarudi nyumbani. Nami nilikasirika, sikufichi. Nilikwenda nyuma ya trela nikapiga gurudumu teke, nikisema moyoni, basi arudi, mimi nimefanya yangu. Akinyi alinifuata, macho yamejaa machozi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama mdogo anapofuka, na sisi tunagombania kitanda."

Tuliporudi, Mama Salome alinigeukia yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, uso ameuelekeza pembeni kama heshima inavyotaka.

"Mwanangu, nasikia ulisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi ni mgonjwa? Mgongo ndiyo inauma, si akili. Umejengea mama mkwe mwenye uko naye kwa kichwa yako. Mimi ungeniuliza, ningekuambia nipe godoro chini, na mlango yenye inafungwa na ndani. Basi."

Nikaangalia mlango. Komeo lilikuwa upande wa nje tu, kama la stoo. Miezi yote ile nilikuwa nimepima mbao na bati, na sikukumbuka kwamba mama anayelala angetaka kujifungia.

Sikubishana tena. Nikachukua msumeno nikakikata kitanda cha juu palepale mbele ya watu, nikahamishia komeo ndani, na zile mbao nikazilaza nyuma ya pikapu ya kuivuta trela, chini ya turubai. Hapo ndipo nilipolala mimi tulipopumzika Nyahururu, kwenye ua wa kanisa, na mvua ikanyesha. Wazee walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi ilininyea, na siisifu. Lakini asubuhi Akinyi alinifikishia paja la kuku, kubwa kuliko yote, na salamu kutoka kwenye trela: "Mama anasema amelala kama mtoto."

Siku ya pili tukafika Meru. Dorka alitoka nje akishika ukuta. Akamvuta dada yake mpaka kwenye mwanga wa jua, akamshika mashavu, akamsogelea hadi pua zikakaribia kugusana.

"Salome, umezeeka!"

"Na wewe je?"

Wakacheka, kisha wakalia, nasi tukalia nao. Kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa ndani, lakini walikikataa. Wiki nzima walilala kwenye trela wawili, wamejifungia, wakipiga porojo zao, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Jicho lile lilizima mwaka huohuo. Mpaka alipofariki, Dorka alikuwa akisema kwamba uso wa mwisho aliouona sawasawa ni wa dada yake. Kila nikilisikia neno hilo nilikuwa nikitazama chini, kwa kuwa nilijua lilivyokaribia kupotea kwa sababu ya kijana mmoja na mbao zake.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kukilalia yupo, ana mdomo, muulize. Ukimjengea mama yako jiko, muulize. Ukimnunulia mkeo kitu, muulize, hata kama utaipoteza ile raha ya kumshangaza. Na akikuambia umekosea, usipige teke gurudumu, chukua msumeno. Mbao zikikatwa huunganishwa tena, lakini macho yakishafunga, yamefunga.

Mungu akupe mikono ya kazi na masikio mepesi kuliko yangu. Wale unaowapenda awaweke mpaka uwatendee mema, na uso wako uonekane na kila anayetamani kukuona. Enda kwa amani.