Kikopo cha Babu Kilivyotakata

Nakueleza wewe kwa sababu najua hutanicheka mbele za watu. Mimi nakusanya vikopo vya zamani vya kiberiti. Hapa Nachingwea ninavyo tisa, kabatini, pamoja na vyombo vya Idd. Nyumbani tunapikia gesi, kwa hiyo mume wangu akipata mgeni anamwonyesha: mke wangu huyu anajiandaa, gesi ikiisha duniani.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mwalimu wetu wa masomo ya jioni. Alitueleza kwamba njiti za zamani ziliwaka popote zilipokwaruzwa, hata mfukoni, ndiyo maana watu walizifungia kwenye bati. Na viwandani huko Ulaya, dawa yake iliwaozesha mataya wasichana waliozitengeneza. Tangu siku hiyo nikiwasha kiberiti napiga bismillahi mara mbili.

Kikopo nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa Mbekenyera kwa shangazi, anatilia ugoro. Babu alikipata kwa wazungu wa karanga, wale wa mashamba makubwa ya enzi za mkoloni, alipokuwa anawang'olea visiki. Babu hakuacha picha. Aliacha jina lake, kalikwaruza kifunikoni kwa msumari, neno pekee alilojua kuandika. Nilimbembeleza shangazi miaka mitatu. Mwaka huu, korosho zilipoisha, akapiga simu: njoo uchukue.

Nikapanda gari mpaka Ruangwa, halafu bodaboda. Shangazi akaniletea kikopo kwenye sinia, kimefunikwa kitambaa. Nilipofunua, kilimetameta kama sufuria ya harusi. Alikuwa amekisugua kwa mchanga na majivu siku mbili.

Nikakigeuza kifuniko kwenye mwanga, upande huu na ule. Akaniuliza kwa Kimwera kama naumwa.

"Shangazi, jina la babu liko wapi?"

"Jina gani? Palikuwa na mikwaruzo tu. Hiyo ndiyo iliyonitesa kuitoa." Akanitazama. "Si wewe Idd ile ulinisema mbele ya wakwe, kikombe kina kutu? Nikasema huyu mtu wa dini, safari hii sitampa uchafu."

Kweli nilimsema, tena kwa mawaidha marefu. Shangazi hajui kusoma, na mimi ninayejua sikuwahi kumwonyesha herufi zile.

Nikamshukuru, nikarudi nacho. Mume wangu anasema hatimaye nimepata kimoja cha kuwekea wageni sukari. Nimeandika jina la babu kwenye karatasi, nikalitia ndani, kwa mwandiko wangu wa masomo ya jioni.

Sasa nakuomba, msimulie na mwenzio mwenye shangazi mzee. Kabla hajaomba kitu cha zamani, amsomee kwanza kilichoandikwa, na asimseme kuhusu vikombe.